Nati Iliyoganda Haifunguliwi kwa Hasira

Fundi wa magari wa Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, anaijua adha hii. Lori limeshuka kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, likishika breki njia nzima. Magurudumu yamepata moto, kisha yakaloa mvua. Kutu imeingia. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana hubana nati isizunguke.

Tufanyeje?

Kwanza, nati za gurudumu zilegezwe gurudumu likiwa chini, gari halijapandishwa jeki. Malori mengine ya zamani, nati za upande wa kushoto hufunguliwa kinyume. Hakikisha kabla ya kutumia nguvu.

Pili, sugua nyuzi kwa brashi ya chuma, tia mafuta mepesi yanayopenya. Yakikosekana, tia mafuta ya taa au dizeli. Acha saa kadhaa, ikibidi usiku kucha.

Tatu, gonga nati kwa nyundo, kidogo kidogo, mara nyingi. Mtikisiko hupasua kutu na kuyafungulia mafuta njia.

Nne, tumia spana ya pete au soketi ya pembe sita inayokaa barabara. Spana iliyopanuka hula pembe za nati. Kaza kidogo, kisha legeza; nenda mbele, rudi nyuma. Vuta spana kuelekea kwako. Ukiisukuma ikateleza, vidole ndivyo vitakavyogonga chuma.

Ikigoma bado, moto husaidia, kwa kuwa nati hupanuka na kuachia. Lakini futa kwanza mafuta uliyotia, wala usiwashe moto karibu na tangi, mipira ya breki au tairi.

Wengi wetu huharakishwa na msimamizi, tukachomeka bomba refu kwenye spana na kuliegemea kwa uzito wote. Bolti hukatika. Kuitoboa na kuitoa mabaki huchukua muda mrefu kuliko kungoja mafuta yapenye.

Kwa hiyo tudai zana nzima na muda wa kutosha. Hiyo si anasa. Na mwenzetu akiumia kazini, ajali iandikwe siku hiyohiyo na mwajiri aipeleke INSS. Nati iliyoharibika hununuliwa nyingine. Mkono wa mfanyakazi hauna spea.