Mpigaji Asijisikie

"Mpigaji, punguza redio yako kwanza!" Sidhani kama yupo msikilizaji wa redio Afrika Mashariki asiyelijua agizo hilo. Ila kwenye redio ndogo za mtandaoni, zile zinazoendeshwa chumbani kwa kompyuta moja, maiki mbili na miksa ya njia sita, unaweza kumsikia mpigaji amekwisha kuzima redio na bado anagugumia: "Hallo? Huku najisikia mwenyewe." Hapo kosa si lake. Ni la fundi, na kwenye redio hizi fundi ndiye mtangazaji.

Sauti humrudia mpigaji kwa njia mbili. Ya kwanza ni redio yake: maneno yanapita kwenye simu, studio, hewani, yanatokea kwenye spika sebuleni kwake na kuingia tena kwenye simu. Kwenye FM mzunguko huo ni wa haraka, na huweza kuzaa mluzi. Mtandaoni matangazo huchelewa, mara nyingi sekunde 10 hadi 30, kwa hiyo mpigaji yuko katikati ya hoja yake anajisikia ndiyo kwanza anasalimia.

Njia ya pili iko mezani pako. Mpigaji lazima amsikie mtangazaji na mgeni aliye studio, ndiyo maana anayeanza kazi hii huchukua sauti yote iendayo hewani na kuirudisha kwenye simu. Anasahau kwamba humo yumo mpigaji mwenyewe. Sauti yake inamfuata, imechelewa sehemu ndogo tu ya sekunde, na inatosha kumtia kigugumizi hata msemaji hodari. Dawa yake wenye fani huiita miksi-mainasi: mpigaji apewe kila kitu, ukimtoa yeye.

Huhitaji mtambo wa bei mbaya. Miksa yako ikiwa na AUX, fungua AUX ya kila maiki na ya muziki, kisha chukua sauti kwenye tundu la kutokea la AUX uipeleke kwenye simu. Kwenye njia ya mpigaji, zungusha AUX hadi mwisho kushoto na uiache hapo. Mimi hubandika utepe juu yake asije mgeni akaichezea.

Wapo wanaoweka simu kwenye spika mbele ya maiki. Inasikika, sikatai, lakini inaleta mwangwi wa chumba, na simu iliyo kwenye spika hupenda kumkata mmoja wakati mwenzake anaongea. Waya ni bora. Jeki ya simu ina pete nne: sikio la kushoto, la kulia, ardhi na maiki. Masikio yaende kwenye miksa, AUX irudi kwenye maiki. Simu isiyo na tundu itahitaji adapta inayopitisha maiki pia.

Hapo kwenye maiki ndipo nilipopoteza mchana mzima. Sauti ya miksa ni kubwa mno kwa simu, inatakiwa ipunguzwe kama mara mia, nami nikaunga rezista mbili, ya ohm 10,000 na ya ohm 100. Nikichomeka tu, simu inakatika. Nikalaumu mtandao, nikabadilisha laini, hola. Kumbe simu ikiona ohm chache kwenye maiki hudhani umebonyeza kitufe cha hedifoni, kile cha kukata simu. Nikaweka kapasita ya mikrofaradi 1 kati ya rezista zangu na simu, na rezista ya ohm 2,200 upande wa simu, kutoka maiki kwenda ardhi. Tatizo likaisha.

Ile "tit-tit-tit" kabla ya simu kuita ni mawimbi ya 2G yakiingia kwenye nyaya. Sogeza simu mbali na miksa, au iweke kwenye 4G kama laini yako inapiga simu kwa 4G. Usihangaike kumwongezea mpigaji besi: simu ya kawaida hubeba hezi 300 hadi 3,400 tu, na kisichopita kwenye laini hakirudishwi na miksa.

Kuhusu matusi, sina hila zaidi ya mtu wa pili. Apokee simu, amuulize mpigaji jina, alipo na anachotaka kusema, amwambie waziwazi kwamba atarushwa hewani, ndipo amuunganishe. Kama uko peke yako, rekodi mazungumzo na uyarushe baada ya wimbo mmoja au miwili. Msikilizaji hapotezi kitu.

Kabla ya kipindi kijacho, mpe rafiki kiti chako, toka nje na simu nyingine upige studio. Sema "hallo" mara tatu. Ukijisikia hata mara moja, rudi ndani ukaangalie AUX ya njia ya simu.