Nyangumi amerudi, ua lataabika: Ziwa Tanganyika lipewe dawa ipi?

BWIZA, Bujumbura. Hapa Bwiza, ambako Kiswahili ni lugha ya mtaani, nyangumi anajulikana kwa jina tu. Samaki wetu ni mukeke na ndagala, wale wale ambao jirani zetu wa Kigoma huwaita mgebuka na dagaa. Hata hivyo, wanaojadili kulipumzisha Ziwa Tanganyika wana la kujifunza kwa nyangumi wa nundu na kwa ua dogo la porini, urujuani wa Usambara.

Nyangumi huyo hufikia mita 15 na tani 30 hivi. Kila mwaka hutoka kwenye bahari za barafu za kusini, na kuanzia Julai huonekana pwani ya Tanzania na Kenya, akija kuzaa katika maji ya uvuguvugu. Katika karne ya 20 waliuawa zaidi ya 200,000 upande wa kusini wa dunia. Mwaka 1963 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikapiga marufuku kuwavua huko. Wapo waliokaidi, Wasovieti hasa, lakini uwindaji ulipokoma kweli, nyangumi walirudi kwa wingi. Bahari yao ilikuwa bado ipo.

Ua lina kisa kingine. Huota kwenye miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha msitu. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala huko Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la kitaalamu, Saintpaulia. Leo limejaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Ukiliona huko utadhani halina shida. Kumbe kwao porini, mti wa kivuli ukikatwa, jua hulikausha. Hakuna anayeliwinda, basi umkataze nani?

Mwaka 2024, kufuatia makubaliano ya Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Hiyo ni dawa ya nyangumi, na inafaa, maana mukeke hajui mpaka. Lakini ndagala wachanga hukulia karibu na ufuo, na huko ugonjwa ni ule wa ua. Nyavu zinaweza kuanikwa miezi mitatu. Mvua ikipiga milima iliyolimwa hadi kileleni, Mto Ntahangwa hushuka mwekundu wa udongo, ukapita katikati ya mji na kuumwaga wote ziwani.