Je, Wajua? Burashi ikikosa saratani, haimaanishi kwamba haipo

Kupima saratani ya mirija ya nyongo, daktari hupitisha kamera nyembamba mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo, kisha huingiza burashi ndogo mrijani na kukwangua seli. Maabara huzipaka kwenye kioo, huzitia rangi na kuzikagua kwa hadubini: kiini kikubwa chenye umbo lisilo sawa hutia shaka. Saratani ikionekana, ni nadra jibu kuwa la makosa. Lakini burashi hukosa takriban nusu ya saratani zilizopo, kwani nyingi hujificha ndani ya tishu ngumu. Ndiyo maana kipimo hurudiwa. Mtu akiona dalili za mrija wa nyongo kuziba, yaani macho ya manjano, mkojo mweusi na choo cheupe, aende hospitali mapema. Huko, ekografi (picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti) ndiyo hatua ya kwanza ya uchunguzi.