Daftari la Mzazi kama Chanzo cha Data za Lugha ya Mtoto: Mtazamo kutoka Engutoto, Arusha

Kumbukumbu za makuzi ya mtoto mdogo katika kaya ya Engutoto, jijini Arusha, hupatikana mahali pawili. Pa kwanza ni kadi ya kliniki, inayobeba uzito na chanjo. Pa pili hapana umbo maalumu: ni pembezoni mwa daftari la matumizi ya nyumbani, ujumbe wa simu kwa shangazi, au sauti iliyorekodiwa jikoni huku sufuria ikichemka. Huko ndiko huwekwa jino la kwanza, hatua ya kwanza na maneno yaliyowavunja watu mbavu. Makala hii inahusu mahali hapo pa pili. Hoja yake ni kwamba mzazi anaposanifisha maneno ya mtoto wakati wa kuyaandika, hupoteza ushahidi usioweza kupatikana tena.

Kumbukumbu za aina hii zina historia ndefu katika taaluma. Charles Darwin aliandika maendeleo ya mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa Desemba 1839, lakini hakuyachapisha hadi mwaka 1877. Miongoni mwa aliyoyahifadhi ni neno ambalo mtoto huyo alijibunia kwa maana ya chakula alipotimiza mwaka mmoja. Lau baba angeandika tu kwamba mtoto aliomba chakula, neno lenyewe tusingelijua. Huko Ujerumani, Clara na William Stern waliandika shajara za watoto wao watatu, na kutokana nazo wakachapisha kitabu kuhusu lugha ya watoto mwaka 1907.

Kwa Kiswahili, umuhimu wa jambo hili unatokana na muundo wa kitenzi. Kitenzi kama *anataka* kina kiambishi cha nafsi, kiambishi cha njeo, mzizi na kiishio. Katika uchunguzi wake wa watoto wanne wa Nairobi, uliochapishwa kama kitabu mwaka 2005, Kamil Ud Deen alionyesha kwamba watoto hudondosha mara kwa mara kiambishi cha nafsi, cha njeo, au vyote viwili, ilhali kiishio hubaki mahali pake. Mtoto hachanganyi viambishi ovyo. Huviacha kwa utaratibu. Kwa hiyo mama anayeandika “leo amesema anataka uji”, ilhali mtoto alitamka “taka uji”, amefuta kile hasa ambacho mtafiti angekitafuta. Ikumbukwe pia kwamba watu wazima wa Nairobi nao huweza kudondosha kiambishi cha nafsi wanapozungumza. Ndiyo maana inafaa kuandika alichosema mzazi kabla ya mtoto kujibu, maana huenda “kosa” limetoka kwa baba.

Tatizo huwa zito zaidi panapokuwa na lugha mbili. Chini ya Mlima Meru mtoto anaweza kusikia Kiswahili kwa wazazi na majirani, na Kimaa cha Waarusha au Kimeru kwa bibi. Tuchukue mfano wa kufafanulia tu. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi tisa ameketi mapajani mwa bibi yake, anasema “kule, kule”. Mama anaangalia mlangoni, haoni kitu, anacheka na kuandika kwamba mtoto anapenda kuonyesha mbali. Bibi hacheki, ananyanyuka kuleta kikombe. Katika Kimaa, *kule* ni maziwa. Bila kuandika nani alikuwapo na kilichofuata, daftari litasema jambo lisilo kweli, na neno la Kimaa litahesabiwa kuwa la Kiswahili. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo hasara ilipo kubwa: lugha ya bibi hutoweka katika kumbukumbu hata kabla haijatoweka kinywani mwa mtoto.

Kuhusu hatua za mwili, daftari lina kazi ya kutuliza na ya kutahadharisha. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyotokana na watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, vinaonyesha kwamba mtoto mwenye afya anaweza kuanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8.2 na 17.6. Asilimia 4.3 ya watoto hao hawakuonekana kabisa wakitambaa kwa mikono na magoti. Kumlinganisha mtoto na wa jirani kwa hiyo hakusaidii sana. Hata hivyo, daftari la vichekesho pekee lina upofu wake, kwa kuwa hakuna anayeandika ukimya. Neno lililokuwa likisemwa kila siku likikoma, au mtoto akiacha kugeuka anapoitwa, tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndiyo mhudumu wa kliniki atakayoihitaji.

Uandishi wenyewe hauhitaji zaidi ya tarehe, umri kwa miaka na miezi, waliokuwapo, na tamko kama lilivyosikika. Tafsiri ya mzazi iwekwe mstari wa pili ili isichanganyike na tamko. Mtafiti anayeazima daftari la namna hii aombe ridhaa ya mzazi, abadilishe jina la mtoto, na arudishe nakala halisi nyumbani. Mwenye maneno bado hajui kusoma, na siku akijua atataka kuyaona.