Mbena Ndani ya Dau la Kilwa

Mpenzi msomaji, kama wiki iliyopita ulinitafuta stendi ya Makambako ukaambiwa sipo, hukudanganywa. Mwenzio nilikuwa baharini! Ndiyo, kwenye maji ya chumvi, mimi binti wa Kidugala niliyekulia kwenye viazi, baridi na moshi wa kuni. Mwezi wa saba huu, wakati ninyi mnapumua mvuke kama treni, mimi nilikuwa natafuta kivuli.

Nilipompigia mama simu kumwambia naenda Kilwa Kisiwani, hakuuliza nitalala wapi wala nitakula nini. Aliuliza moja tu: "Kuogelea ulijifunza lini?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Safari yenyewe siku hizi si ya kutisha. Unaondoka Makambako asubuhi, jioni uko Mbezi, unalala kwa ndugu, kesho yake unakwenda Mbagala kupanda basi la kusini. Zamani mtu wa kwenda Kilwa aliaga kama anayekwenda vitani, maana Rufiji ilikuwa ya kuvuka kwa pantoni, na mvua ikikukuta njiani ndiyo umepata kwenu kupya. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, mambo yakalainika. Ukifika Nangurukuru basi linakata kushoto kuelekea baharini. Na hapo usijichanganye kama mimi: Kilwa ziko tatu. Kuna Kivinje, kuna Masoko ambako ndiko basi linakoishia, na kuna Kisiwani, mama yao wote. Huko basi haliendi.

Pale Masoko unachukua kwanza kibali na mtu wa kukutembeza, halafu ndiyo unateremka ufukweni kutafuta chombo. Mjanja mwenye haraka anapanda boti ya mashine. Mimi mfuko wangu ulichagua dau la tanga. Bei patana kabla hujainua mguu, usije ukapatana mkiwa katikati ya maji, hapo nahodha ana nguvu kuliko wewe.

Nahodha wangu alikuwa mzee mwembamba, kofia ya ukindu, miguu mikavu kama mizizi ya mkoko. Akaniangalia na suruali yangu ya jinzi.

"Binti, watoka wapi?"

"Njombe, shikamoo."

"Marahaba. Aa, kwenye viazi!" Akachukua kanga kutoka kwenye kapu lake akanirushia. "Jifunge, huko twendako kuna watu wazima."

Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni kama kilomita mbili tu. Ukiwa nchi kavu unasema hapa na pale. Sasa ngoja tanga lishike upepo wa kusi, dau lilale ubavu, na maji yaanze kukuchungulia usawa wa kiuno! Jamani, nilishika kila kilichoshikika, mpaka kamba ya tanga. Mzee akanigombeza: "Hiyo waachie wenyewe, wewe shika ubao!" Nikashika ubao. Nilimkumbuka mama. Nilikumbuka na vitu vingine ambavyo safu hii haina nafasi ya kuviandika.

Halafu nikainua macho, na ule ukuta ukawa mbele yangu.

Kitu cha kwanza kinachokupokea ni Gereza, ngome iliyokaa ukingoni kabisa mwa maji. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuvamia mji huu Julai 1505 wakajenga ngome yao, lakini hawakudumu, 1512 walishaondoka. Hii unayoiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa miaka ya 1800 hivi. Upande wa baharini mawimbi yameshakula ukuta. UNESCO waliuingiza mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia 1981, na 2004 wakauweka kwenye orodha ya iliyo hatarini, kwa sababu hizohizo za bahari na kuporomoka. Baada ya kazi ya ukarabati ukatolewa humo 2014. Lakini bahari haijasoma barua hiyo, bado inakuja mara mbili kwa siku.

Ukipita kijijini, mbuzi na watoto wakikusindikiza, unafika Msikiti Mkuu. Hapo nilinyamaza. Ulianzwa karne ya 11 au 12, ukapanuliwa sana mwanzoni mwa karne ya 14, nguzo kwa nguzo, kuba kwa kuba, yote kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hakuna nondo hata moja. Nje jua linakaanga, ndani ubaridi kama wa kwetu Kidugala. Nilikaa chini nikasema, hapa sasa nimefika nyumbani.

Kutoka pale ni mwendo wa kutoa jasho hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, limejengwa juu ya genge bahari ikiwa chini yake. Vyumba zaidi ya mia moja. Na wewe kijana unayejisifu umekwenda hotelini ukapiga picha kwenye bwawa la kuogelea, sikiliza: huyu bwana alikuwa na bwawa lake la pembe nane, na Columbus bado hajazaliwa! Sarafu za shaba zenye majina ya masultani wa hapa zilisafiri mbali. Moja ilichimbwa Zimbabwe Kuu, na 1944 askari mmoja aliokota nyingine tano kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia. Shilingi yetu hata Nairobi inatazamwa mara mbili.

Utajiri ulitoka wapi? Dhahabu ya bara iliyopitia Sofala, na meno ya tembo. Hayo hata shuleni tulisoma. Lakini pale ukingoni mwa bwawa kavu yule kijana aliyekuwa akinitembeza alinisimulia kisa ambacho sikufundishwa.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akamkuta huyuhuyu Sultani, ambaye watu walimwita Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ijumaa moja anatoka kuswali, fakiri mmoja wa Kiyemeni akamsimamisha: nipe nguo ulizovaa. Sultani akasema sawa. Sasa hivi? Sasa hivi. Akarudi ndani, akabadili, akampa. Mwanawe akaona zile nguo haziwezi kupotea hivihivi, akazichukua kwa fakiri na kumlipa watumwa kumi. Sultani kusikia jinsi watu wanavyomsifu, akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe.

Kijana akacheka, kama anavyocheka na kila mgeni. Mimi nikawa nahesabu. Joho moja, watu ishirini. Ibn Battuta kaandika fakiri katoka wapi, kaandika Sultani anaitwaje, lakini wale ishirini hawana majina wala kwao. Nikamuuliza kijana, "Walitoka wapi?" Akanyoosha mkono kwa ujumla kuelekea magharibi, ng'ambo ya mikoko. Bara. Yaani upande niliotoka mimi na basi langu.

Sisemi walikuwa Wabena, sina ushahidi huo. Lakini biashara ile haikuishia kwa joho. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka wa kupeleka Mauritius, piasta 20 kwa kichwa. Karne ya 19 kazi ikahamia Kivinje, misafara ikiteremka kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Njia ni ndefu mno kwa miguu. Mimi mguu ulikuwa umevimba kwa kukaa kwenye kiti.

Kivinje nilikwenda kesho yake. Ni mji wa majumba yaliyochoka na Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya 1895. Kutoka vilima vya Matumbi, wilaya hiihii, ndipo Maji Maji ilipolipuka Julai 1905. Septemba ya mwaka huohuo misheni ya Yakobi, pale jirani na Njombe, ilikuwa imeshashambuliwa. Miezi miwili, hakuna simu, hakuna basi. Tukisoma historia huku kwetu tulidhani Kilwa ni mbali.

Kurudi kutoka Kisiwani maji yalikuwa yamekupwa. Dau limesimama mbali, nikavua viatu, nikapita kwenye matope yanayonyonya mguu, kanga nimeipandisha magotini, mzee akinielekeza pa kukanyaga. Safari hii sikushika kamba ya tanga. Alipoona nimetulia akaniuliza kama kwetu kuna ziwa. Nikamwambia kuna ulanzi tu. Alicheka mpaka akaachia usukani, nikajuta kusema.

Kanga nilipomrudishia aligoma, akasema ni ya bintiye, ana nyingine. Nami nilikuwa sina cha kumpa. Nikimpata mtu anayekwenda kusini nitampa gunia la viazi ampelekee.

Usiku mama akapiga. "Umeogelea?"

"Mama, bwawa nimeliona. Halina maji."

"Afadhali," akasema, akakata simu.