Kompyuta garini: Vidole vitafute, macho yabaki barabarani

JE, msomaji, umewahi kufikiria kuweka kompyuta ndani ya gari lako? Wenzako wa Marekani na Ulaya walianza zamani. Kampuni ya VIA ya Taiwan ilipobuni bodi ya Mini-ITX mwaka wa 2001, yenye sentimita 17 kila upande, wapenzi wa mitambo waliifunga garini wapate muziki, ramani na filamu za kuwatuliza watoto kiti cha nyuma.

Swali likawa: kibodi itakaa wapi?

Kibodi ya kawaida ina vitufe 104. Ukiiweka mapajani, inagongana na usukani. Ukiiweka juu ya dashibodi, unamhatarisha abiria. Ajali ikitokea, mfuko wa hewa hufumuka kabla hujapepesa jicho, na chochote kilicho mbele yake kinaweza kumrukia aliyeketi hapo.

Dawa ni kuitenganisha. Ukiondoa sehemu ya nambari yenye vitufe 17, unabaki na kibodi fupi ya vitufe 87. Hiyo itie katika mfuko ulio nyuma ya kiti, uitoe tu gari likiwa limeegeshwa. Usiiweke chini ya kiti cha dereva, isije ikateleza hadi kwenye breki.

Sehemu ya nambari nayo huuzwa peke yake. Ifunge imara karibu na gia. Papasa kitufe cha 5 na utahisi kinundu kidogo. Hicho ndicho kiongozi wako. Ukizima Num Lock, 8 hukupandisha kwenye orodha ya nyimbo, 2 hukushusha, 4 hukupeleka kushoto na 6 kulia. Huhitaji kutazama.

Lakini tahadhari! Kwenye simu, 1 huwa juu. Kwenye kibodi, juu kuna 7. Jizoeze kwanza ukiwa umesimama.

Isitoshe, ukienda kilomita 60 kwa saa, gari hukata karibu mita 17 kila sekunde. Ukiinamia vitufe kwa sekunde 2, umepita mita 33 bila kuona, na mtoto anayevuka barabara hahitaji nafasi kubwa hivyo kujitokeza. Kuandika jina la mtaa au la wimbo mwachie abiria, au uegeshe kando kwanza.

Wahenga walinena: mshika mawili, moja humponyoka. Usiwe usukani.