Tabibu Anapotaka Kuwa Daktari

Yupo tabibu mmoja katika kisiwa kidogo jirani na Pemba ambaye wakaazi wote humwita "daktari", naye huwasahihisha kwa upole kwamba yeye si daktari bali ni tabibu. Kwa muda wa miaka 12 ametibu homa, ameshona majeraha, amepokea watoto usiku wa manane, na zaidi ya mara moja amemsindikiza mashuani mama mjamzito ambaye hapakuwa na budi apasuliwe. Hatari anaitambua, na tiba yake anaijua, lakini kukishika kisu si idhini yake. Kilichobaki humo chomboni ni kumwomba Mungu bahari itulie mpaka ng'ambo.

Tabibu huyo ana umri wa miaka 36, na ameazimia kuomba nafasi ya kusomea udaktari. Habari hiyo ilipoenea yalizuka maneno ya namna mbili. Wapo waliosema kwamba umri wake umekwishapita. Na wapo, tena miongoni mwa wakubwa wa kazi, waliouliza: akiondoka yeye, kituo kitabaki na nani? Maswali hayo yanastahili kujibiwa kwa makini, kwani hayamhusu yeye peke yake. Yanawahusu watumishi wote wa afya waliokomaa kazini na ambao bado wana hamu ya elimu.

Tuanze na la umri. Masomo ya Shahada ya Udaktari nchini Tanzania huchukua miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa utarajali. Mwenye kuanza na miaka 36 atakamilisha yote akiwa na miaka 42. Umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60. Kwa hesabu hiyo wananchi watapata miaka 18 ya huduma ya daktari ambaye, siku ya kwanza ya kazi, tayari anajua jinsi ya kuzungumza na mgonjwa na jamaa zake. Anayeona kwamba miaka 18 ni kitu kidogo na atuoneshe hesabu yake.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwezi wa Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, TANU iliamua kwamba wanafunzi wasiingie Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka skuli, bali kwanza wafanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili na mwenendo wao ushuhudiwe na waliofanya nao kazi. Baadaye sharti hilo lililegezwa na hatimaye likaachwa, na ni kweli kwamba kumweka kila kijana mbali na vitabu vya kemia na fizikia kuna hasara yake. Hata hivyo, shina la wazo lile lilikuwa la haki, nalo ni kwamba kazi pia ni skuli. Ikiwa ilipata kuwa sharti la kuingilia Chuo Kikuu, haifai leo tuigeuze kuwa kikwazo.

Kwa mujibu wa taratibu za udahili zinazosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mlango upo. Mwenye stashahada ya utabibu anaweza kuomba udaktari bila ya kupitia Kidato cha Sita, mradi stashahada yake iwe ya kiwango kilichowekwa na awe amefaulu masomo ya sayansi katika Kidato cha Nne. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu ametibu wagonjwa miaka na miaka, lakini alama ya fizikia aliyoipata alipokuwa na umri wa miaka 17 bado inamngoja mlangoni. Dawa ya hilo si kulalamika. Na aurudie mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aidha, stashahada yake ahakikishe mapema kwamba imehakikiwa na Baraza linalosimamia elimu ya ufundi na kupewa namba yake, maana kazi hiyo ikiachwa hadi siku za mwisho inaweza kumkosesha mtu mwaka mzima.

Tena masomo yenyewe yako karibu. Waliotutangulia walilazimika kwenda Makerere, na tangu mwaka 1963 Dar es Salaam. Mwaka 2007, kwa msaada wa ndugu zetu wa Cuba kupitia Chuo cha Matanzas, mafunzo ya udaktari yalianza hapa hapa Zanzibar, na leo udaktari unafundishwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Pamoja na hayo, mwombaji naye hana budi ajihoji. Kama anachokitafuta ni cheo tu, miaka sita ni mirefu mno. Atakaa darasani na vijana walio sawa na wadogo zake wa mwisho, na katika anatomia na biokemia uzoefu wake hautamsaidia sana. Tulipokuwa chuoni, alikuwapo mzee mmoja mvuvi aliyekaa nasi watoto mkekani akijifunza herufi. Tulimcheka kwa siku chache. Lakini sisi tulikuja kwa kuogopa bakora, na yeye alikuja kwa hiari yake. Alihitimu kabla ya wengi wetu.

Sasa tulikabili swali la wakubwa wa kazi. Ni swali la haki, kwani kituo hakiwezi kufungwa kwa sababu ya matarajio ya mtu mmoja. Lakini swali halitatuliwi kwa kunyamaza. Tabibu tuliyemtaja aliandika barua ya kuomba ruhusa ya masomo, na misimu miwili ya udahili imepita bila ya jibu. Angeambiwa "hapana" pamoja na sababu, angalijua la kufanya. Barua isiyojibiwa humwacha mtu njia mbili tu, ama aache kazi, ama aue nia yake. Na katika zote mbili mwenye hasara ni mwananchi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, maombi ya ruhusa yajibiwe kabla ya dirisha la udahili kufungwa. Pili, kila wilaya iwe na zamu inayojulikana, ili atakayeondoka awe ameshapatiwa mtu wa kushika nafasi yake. Tatu, anayesomeshwa huku akiendelea kupokea mshahara atie saini mkataba wa kurudi kuwatumikia wananchi kwa miaka itakayokubaliwa, na mkataba huo uheshimiwe na pande zote mbili.

Hatudai kwamba daktari mmoja atajenga chumba cha upasuaji katika kila kisiwa. Lakini mama yule atakapofikishwa hospitali ya wilaya, ni kheri ampokee daktari ambaye mwenyewe amepata kukaa ndani ya mashua ile, na anayejua thamani ya kila dakika iliyopotea njiani. Mtu huyo tunaye, na barua yake ipo mezani.